Mama Mkwe Hewani kutoka Chumbani

Mama Vishindo hakuwa mtu wa kuchukia ovyo. Majirani aliwavumilia, meneja wa redio alimvumilia, hata marehemu mume wake alimvumilia na mikoromo yake yote. Lakini kile kisanduku cha mtandao kilichofungwa kwenye ukuta wa studio, chenye vitaa vinavyopepesa vyenyewe, hicho alikichukia kwa roho yake yote. Kila Jumamosi mchana alikuwa akiingia anakipiga jicho kwanza, anasonya, ndipo anavua viatu.

Jina hilo la Mama Vishindo alipewa kazini. Kwenye mchezo wa redio wa Jumamosi waigizaji walisema, yeye akatenda. Mlango ukibamizwa, ni yeye na kimlango chake kidogo chenye kitasa na komeo. Mtu akitembea uani, ni yeye anakanyaga kokoto kwenye trei. Mvua ilikuwa bati, kuosha vyombo ilikuwa beseni la maji na sahani mbili zilizomeguka ukingo. Makofi alijipiga mwenyewe pajani, na alikuwa akijisifu kwamba hakuna mwanamke aliyepigwa makofi mengi kama yeye bila kugombana na mtu.

Nyota wa mchezo alikuwa dada yake, tumbo moja, mkubwa wake. Huyo ndiye aliyekuwa Mama Mkwe. Watu walimwita hivyo sokoni, walimwita hivyo hospitali, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Mchezo ule haukurekodiwa hata siku moja, ulikwenda hewani moja kwa moja, na utamu wake ulikuwa hapo hapo. Katikati ya mchezo wasikilizaji walipiga simu kumkemea Mama Mkwe kwa jinsi anavyomtesa mke wa mwanawe, naye akawajibu papo kwa papo, bila kuandikiwa neno. Hapo alikuwa hashikiki. Mtu hajafunga mdomo, keshapewa vidonge vyake. Bwana mmoja alipiga kumwambia ana roho mbaya, akaulizwa mbona mke wake hasikiki huko nyuma, au keshafungasha akarudi kwao. Studio nzima walishika mbavu. Yule bwana alikata simu, na Jumamosi iliyofuata akapiga tena, maana kuchambwa na Mama Mkwe kulikuwa sifa mtaani.

Basi dada akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Studio ilikuwa ghorofa ya juu kabisa na lifti ilikufa zamani. Dada aliwekwa kwa mwanawe, kwenye chumba cha mbele, kiti chenye mito, fimbo pembeni. Meneja akasema hakuna shida, teknolojia imeendelea, Mama Mkwe ataigiza kutoka nyumbani. Fundi mitambo akapeleka maiki, kompyuta na nyaya, akafunga kila kitu, akarudi anatabasamu.

"Imeendelea kwenda wapi hiyo teknolojia?" Mama Vishindo alimwuliza Jumamosi ya kwanza ilipokwisha. "Maana hapa kwetu haijafika!"

Alikuwa na haki ya kufoka. Sauti ya dada ilikuja imekatika-katika, silabi hii ipo, ile haipo, kama mtu anayesemea nyuma ya feni. Mgeni alibisha hodi, akaingia, akasalimia, akakaa, ndipo Mama Mkwe akasikika anauliza nani anabisha. Mwongozaji wa mchezo, mtu mzima na kipara chake, alikaa chini akajifunika uso kwa karatasi.

Fundi mitambo alikuwa mtu mpole, baba wa watoto, mwenye tabia ya kujikuna shingo kila akibanwa. Alijikuna sana siku ile.

"Mama, sauti ya dada yako haiji kama maji ya bomba," alisema. "Inakatwa vipande vidogo vidogo sana, na kila kipande kinashika njia yake. Vingine vinawahi, vingine vinachelewa. Vingine havifiki."

"Vinakwenda wapi?"

"Vinapotea."

"Sauti ya dada yangu inapotea njiani na wewe umesimama tu hapo!"

Fundi akaeleza kwamba mashine ya studio huvisubiri vipande kwanza, ikavipanga, ndipo ikavitoa. Ukiiambia isubiri kidogo tu, sauti inawahi lakini imemeguka. Ukiiambia isubiri sana, inatoka nzima ila imechelewa.

"Kwa hiyo unaniambia nichague," alisema Mama Vishindo, mikono kiunoni. "Dada mbovu wa sasa hivi, au dada mzima wa baadaye."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Na dada mzima wa sasa hivi?"

"Huyo mpaka apande ngazi."

Wakachagua mzima wa baadaye. Na hapo ndipo yalipotokea yale ambayo wangeyafanya ndugu wawili hawa tu, wala si mtu mwingine. Dada alikuwa mzoefu, akagundua mapema kwamba kila kishindo kinamfikia kimechelewa. Akaamua kimoyomoyo hatangoja tena kusikia kofi, ataendelea tu na maneno yake. Mama Vishindo naye, huku studio, akaamua kimoyomoyo hatangoja tena maneno ya dada, atafuata karatasi na kupiga kofi mapema ili dada alisikie kwa wakati. Kila mmoja alimhurumia mwenzake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Jumamosi ikafika. Hewani likasikika kofi, paa! Mke wa mwana akalia kwa uchungu. Ndipo, baada ya kilio chote kile, Mama Mkwe akasikika anasema, "Mimi leo nitakuchapa wewe!"

Msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza kama siku hizi mama mkwe anaadhibu kwanza halafu ndiyo anafikiria kosa.

"Nani alikutuma upige mapema?" dada alifoka kwenye simu mchezo ulipokwisha.

"Na wewe nani alikutuma usisubiri?"

"Nilikuwa nakusaidia wewe!"

"Na mimi nilikuwa nakusaidia wewe!"

"Basi acha kunisaidia!"

Wakakubaliana kwamba dada hatasubiri kitu, na Mama Vishindo atasubiri sauti, iwe isiwe. Hilo likakaa sawa. Likazuka jingine. Dada alikataa kuvaa vile visikilizio vya masikioni, akidai vinambana kichwa na kumharibia nywele, akafungulia spika. Kumbe sauti za studio zilitoka kwenye spika, zikaingia kwenye maiki yake, zikarudi studio. Mwongozaji akasema "Kimya!" na baada ya kitambo akaambiwa "Kimya!" na sauti yake mwenyewe. Akageuka kwa hasira kutafuta aliyemjibu. Ikabidi Mama Vishindo aende nyumbani kwa dada katikati ya wiki, ambembeleze, amsuke nywele upya mistari iliyolala, ili vile vitu vikae kichwani bila kubana.

Siku hiyo ya kusukana aliona jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Juu ya kitanda kulikuwa na gauni la zambarau limenyooshwa, na mkufu, na chupa ya manukato.

"Una sherehe?"

"Nanyoosha mapema la Jumamosi," dada alisema.

"Unavaa hivi kwa ajili ya redio? Nani anakuona?"

"Najiona mimi." Kisha dada akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya Mama Mkwe hata kidogo, "Siku nyingine zote mimi ni mgonjwa wa chumba cha mbele, mdogo wangu. Naletewa chai, naulizwa kama nimekunywa dawa. Jumamosi ndiyo siku watu wananiogopa."

Mama Vishindo aliendelea kusuka.

Tangu siku ile vita na kisanduku ikawa vita ya kweli. Alimganda fundi kama kupe. Kama ni kusubiri kwa mashine, punguza. Kama ni njia, tafuta njia nyingine. Ikagundulika kwamba saa ile ile ya mchezo mkwe wa dada, chumba cha pili, hutazama filamu zake kwenye mtandao ule ule mmoja, na filamu ndizo zinazoibana sauti ya Mama Mkwe isipite. Mama Vishindo akamtolea uvivu.

"Mama mzima anahangaika hapa, wewe unaangalia watu wanabusiana!"

"Mama mdogo, mimi sikujua!"

"Sasa umejua."

Filamu ikahamishiwa Jumapili. Fundi akavuta waya mpaka chumbani kwa dada badala ya kutegemea mawimbi yanayopita kwenye kuta. Akapima, akarekebisha, akapima tena. Na kweli, mambo yakatulia. Mapigo yakaenda na maneno. Wapigaji simu, ambao kwa wiki kadhaa walikuwa wakianza kusema pamoja na Mama Mkwe, wote wakanyamaza pamoja, wote wakasema "endelea wewe", sasa wakaanza kuchambwa kama zamani. Mama Vishindo alikuwa karibu kukisamehe kisanduku.

Halafu kikaja kile kimya.

Ilikuwa hivi. Mtu anapiga, anauliza, na Mama Mkwe hajibu. Siyo kukatika-katika, hapana, kimya tupu. Redio ikinyamaza hata kwa pumzi chache watu wanadhani betri imekwisha, kwa hiyo mwongozaji alikuwa akiruka haraka na muziki, anaomba radhi, anasema mtandao umetusaliti. Baadaye dada anarudi hewani kama kawaida, mkali na mchangamfu, anawalaani mafundi waliomkata. Ilitokea Jumamosi moja, ikatokea iliyofuata, halafu ikatokea mara mbili ndani ya mchezo mmoja. Mama Vishindo alihisi kichwa kinataka kupasuka.

"Wewe fundi wewe! Ulisema waya umemaliza kila kitu!"

"Mama," fundi alisema, anajikuna shingo, "safari hii laini ilikuwa nzima."

"Nzima wapi! Wewe umesikia alichosema?"

"Hakusikika kitu, lakini..."

"Basi! Nzima, nzima! Ukienda dukani ukanunua mkate ukakuta mfuko mtupu, utaniambia mkate mzima?"

Fundi alisema atakagua tena. Siku nyingine alianza, "Mama, naomba tuongee kidogo, wewe na mimi," naye akamkatisha, akamwambia kama ana muda wa kuongea basi ana muda wa kutengeneza. Mbele ya watu wote alimwita bomu, akamwambia cheti chake akafungie maandazi. Fundi alipokea yote. Wenzake walimshangaa kwa nini hajibu.

Meneja yeye hakufoka. Meneja aliita mkutano, akakunja mikono juu ya meza, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua kwamba wasikilizaji wanalalamika, wenye matangazo wanalalamika, na yuko mwanamama mwingine amejaribiwa na sauti yake si haba. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Laini ikikatika tena hewani, Mama Mkwe atakuwa mtu mwingine kuanzia wiki ijayo.

"Huyo mwingine anaweza kuchamba?" Mama Vishindo aliuliza.

"Atajifunza," alisema meneja.

Atajifunza! Mama Vishindo alitoka pale anasonya. Hakumwambia dada. Alimwendea mwongozaji, akamwambia Jumamosi vishindo atapiga mwenyewe, kimlango kile pale, kokoto zile pale, yeye hatakuwepo. Atakwenda kukaa kwa dada, aukamate ule waya kwa mikono yake miwili kama ikibidi, ashuhudie kwa macho yake unapokatika. Fundi alipopata habari alimfuata mpaka ngazini.

"Ni vizuri ukienda, mama," alisema. "Nipigie kwa simu yako ukiwa pale. Tuwe pamoja laini ya pembeni."

Mama Vishindo alishangaa kidogo kwamba hakuna ubishi. Alidhani amemshinda.

Jumamosi mchana alimkuta dada amependeza, gauni la zambarau, mkufu, chumba kizima kinanukia. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kielekee dirishani, maiki mbele yake, karatasi zimepangwa kwenye meza ndogo. Mama Vishindo alikagua waya kutoka ukutani mpaka kwenye kompyuta kama askari anakagua mizigo. Akafunga mlango na kumwonya mkwe. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu kabisa, goti lake linagusa kiti cha dada, sikio moja limezibwa na simu ya fundi inayomletea sauti za studio, sikio jingine wazi.

"Umekuja kunilinda?" dada alicheka.

"Nimekuja kuwakamata."

Mchezo ulianza. Loh, dada alikuwa moto! Mama Vishindo alikuwa amezoea kumsikia akitokea kwenye spika za studio, akawa amesahau jinsi anavyoigiza na mwili mzima, nyusi, mabega, kidole kinachomchoma mtu asiyekuwepo. Mwongozaji huko alibamiza kimlango vibaya, kama mlango wa banda la kuku, na dada akatupa neno pale pale kwamba siku hizi hata milango ya nyumba hii imekosa adabu. Mama Vishindo alijiziba mdomo asicheke. Kwenye kompyuta taa zilikuwa za kijani zote. Moyo wake ukaanza kushuka mahali pake.

Ikaja simu. Alikuwa mwanamke, sauti ya kujiamini.

"Mama Mkwe, nakuuliza. Huyo mke wa mwanao akichoka akaondoka, wewe na uzee wako utaangaliwa na nani?"

Swali tamu. Swali ambalo dada angelitafuna na mifupa yake. Mama Vishindo aliegemea mbele kusubiri.

Dada alifungua mdomo. Akainua kidole, kile kidole cha kuchoma watu, kikabaki juu. Midomo ikacheza. Macho yakatoka kwenye maiki, yakaenda kwenye karatasi, yakaenda dirishani, yakarudi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mkono wa pili ulikuwa unapapasa gauni pajani, unapapasa, unapapasa. Hakuna neno lililotoka. Hapa hapakuwa na waya wala mashine inayosubiri vipande. Ilikuwa goti kwa goti, na Mama Vishindo alisikia hata pumzi ya dada yake ikipita puani.

"Dada," alinong'ona.

Dada alimtazama. Alikuwa na hofu ambayo Mama Vishindo hakuwahi kuiona usoni mwake, si siku ya nyonga, si siku waliyomzika mama yao.

Sauti ya fundi ikaja sikioni, taratibu kabisa.

"Mama, nimefunga maiki. Hawasikii huko. Laini ni nzima. Tuseme mtandao? Kama siku zote?"

Kama siku zote. Mama Vishindo alihisi uso unamwaka. Bomu alilomwita, cheti cha maandazi, mbele ya watu, na yule mtu anajikuna shingo tu, anapokea. Na mwongozaji anayeruka na muziki haraka vile, kumbe naye anajua. Wote wawili walijua. Aliyekuwa hajui ni yeye, mdogo wake.

Na meneja alikwisha sema. Wakisema mtandao, Mama Mkwe ndiyo basi, wiki ijayo ni mtu mwingine. Wakisema ukweli, ni vile vile ndiyo basi, isipokuwa huo ukweli utatembea mji mzima, sokoni na hospitali, na watu watakuja na matunda kumwonea huruma mtu ambaye Jumamosi walikuwa wanamwogopa. Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta, Mungu anajua, aliitafuta ukutani, darini, kwenye zile taa za kijani zisizokuwa na kosa.

"Sema mtandao," alisema.

"Sawa, mama."

"Na fundi..."

"Usijali, mama," fundi alisema, akakata simu, na muziki ukaanza.

Dada aliusikia ule muziki kwenye masikio yake. Mabega yakashuka. Rangi ikamrudia, pumzi ikamrudia, na kidole kilichokuwa hewani kikapata kazi, kikaichoma kompyuta.

"Umeona? Umeona mwenyewe? Wamenikata tena!"

"Nimeona, dada."

"Nilikuwa namjibu yule mwanamke! Jibu lilikuwa hapa, hapa mdomoni!"

Mama Vishindo hakumwuliza jibu lilikuwa nini. Alimvua vile vya masikioni polepole asimvurugie nywele, akavuta mto akamwekea mgongoni. Simu yake ilianza kulia. Ilikuwa namba ya meneja, akaizima.

"Fundi gani yule?" dada aliendelea. "Waliomwajiri walimwokota barabarani?"

"Walimwokota jalalani," alisema Mama Vishindo.

"Hajui hata kuunga waya!"

"Ataunga waya yule? Kufunga kamba za viatu tu hajui."

Dada akacheka. Mama Vishindo akasogea, akakaa sawa kitandani, akamshika mkono wa gauni la zambarau, na wakamtukana fundi wawili wao mpaka jua likahama dirishani. Kila dada alipopunguza, mdogo mtu alimwongezea tusi jingine, kwa sauti kubwa zaidi, machozi yakimtiririka, akisingizia kicheko.